Hatua Sitini na Moja za Bi Mhuri

Kwa miaka ishirini na mitatu hakuna ankara iliyolipwa katika kampuni ile ya matangi na mabomba bila kupita mikononi mwa mwanamke mmoja mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na mhuri wa mpira uliokaa daima kwenye mfuko wa sweta lake. Cheo chake kilikuwa karani wa malipo. Jina lake lilikuwa kwenye faili, faili lilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao yeye mwenyewe. Watu walimwita Bi Mhuri, wakaridhika, naye akaridhika.

Alikuwepo ofisini kama swichi ya taa ilivyo ukutani: hakuna anayeifikiria mpaka giza liingie. Giza liliingia alipougua homa akalala nyumbani siku tisa. Siku ya tatu fundi wa matairi alikuja kuulizia malipo yake, na hakuna aliyejua karatasi zake ziko wapi. Siku ya tano umeme wa ghala ulikatwa. Siku ya saba wahasibu wanne wenye shahada, kila mmoja na tai yake, walisimama kuizunguka meza ya Bi Mhuri wakifungua droo moja baada ya nyingine, wakiulizana kwa sauti ya chini kama watu waliopoteza paka. Aliporudi, bado ana kizunguzungu, walimpigia makofi. Alivimba kichwa wiki nzima, na nani angemlaumu?

Makofi yale ndiyo yaliyomponza. Bodi ya kampuni ilisikia habari za zile siku tisa, ikaagiza kazi zote za kawaida za idara ya fedha ziandikwe hatua kwa hatua, ili mtu akiugua, kazi isiugue naye. Agizo lilikuwa la busara kabisa. Lakini busara ilikuwa haidumu kwenye kampuni ile. Ikishuka kutoka ghorofa ya juu, lazima ikutane na mtu wa kuiharibu ngazini. Safari hii mtu mwenyewe alikuwa Meneja wa Fedha.

Meneja huyu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye semina ya siku tatu. Alikwenda mtu wa kawaida, akarudi mtu wa mishale. Alichora viboksi na mishale kwenye ubao, kwenye bahasha, kwenye kifuniko cha boksi la chai, mpaka wahasibu wakampa jina la Bwana Mishale, jina ambalo yeye peke yake hakulijua. Alimwita Bi Mhuri, akamsimamisha mbele ya ubao.

"Mama, unauona huu mshale?"

"Nauona, bosi."

"Unatoka wapi?"

"Kwenye kile kiboksi."

"Na unakwenda wapi?"

"Kwenye kiboksi kingine."

"Umeshaelewa!" alisema Meneja, akapiga kofi moja la furaha. "Sasa utaandika malipo ya ankara, toka inaingia getini mpaka hela inatoka. Safu nne: hatua, mhusika, muda, faida. Na usiandike kile kinachotakiwa kufanyika, mama. Andika kinachofanyika. Hatua isiyo na faida tunaifyeka. Na mhusika asiye na faida..." Hakumalizia. Alichora mshale uliotoka nje ya ubao, ukakatikia ukutani, na rangi yake ipo pale mpaka leo.

Bi Mhuri alirudi mezani kwake akijua vizuri mshale ule unamwelekea nani. Mkataba wake wa miaka miwili miwili ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Alikuwa amebakiza mkataba mmoja tu kufika umri wa kustaafu, na kwa utaratibu wa kampuni ile, aliyestaafu akiwa kazini alipewa kiinua mgongo chake chote, na aliyeondoka kabla alipewa barua ya shukrani. Barua hizo alikuwa anazijua. Alikuwa amezigonga mhuri nyingi kwa mkono wake mwenyewe.

Kama alikuwa na shaka, katibu muhtasi wa Mkurugenzi aliimaliza. Walikuwa wakinywa chai pamoja saa nne kila siku, miaka kumi sasa. Siku hiyo katibu muhtasi alikoroga kikombe chake muda mrefu kupita sukari iliyokuwamo.

"Mwenzangu, usinitaje," alisema. "Barua yako ya kutoongezewa mkataba nimeshaichapa. Imebaki tarehe tu. Wanasubiri umalize kuandika hayo maandishi yako, kisha mtu yeyote ataweza kuifanya kazi yako."

Bi Mhuri alimshukuru, akamaliza chai yake, akaenda chooni, akafungua bomba ili asisikike, akalia. Kisha akanawa uso, akarudi kazini, maana kulikuwa na ankara kumi na moja kwenye trei.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, mshonaji mwenye cherehani barazani na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Alimweleza yote jioni ile, kabla hata ya kuvua viatu.

"Yaani wewe dada," alisema mdogo wake, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani, "wamekupa kalamu uandike namna ya kukufukuza, na wewe umeuliza karatasi ziko wapi."

"Sasa nifanyeje? Nikatae?"

"Usikatae. Andika, lakini ficha hatua moja. Moja tu! Waache wakufukuze, halafu wakwame kwenye hiyo hiyo moja, waje hapa kupiga hodi. Mimi nitawafungulia, na nitawauliza shida yao ni nini."

Wazo lilikuwa tamu. Bi Mhuri alilala nalo, akaamka nalo, akaenda nalo kazini. Hatua ya kuficha alikuwa nayo tayari: gurudumu la tarehe kwenye mhuri lilikuwa linakwama kila mwanzo wa mwezi, na lilikubali kuzunguka kwa kusukumwa na ncha ya klipu tu, tena kutoka upande wa kushoto. Hakuna mwingine duniani aliyelijua hilo. Aliandika hatua ya tano, akairuka ya klipu, akaandika iliyofuata. Akaitazama karatasi. Mkono ukamwasha. Mtu aliyewarudishia watu ankara miaka ishirini na mitatu kwa sababu ya koma moja iliyokosekana, leo aache pengo kwenye maandishi yake mwenyewe? Alishindwa. Aliifuta, akaanza upya na klipu ndani yake, na upande wa kushoto ukapigiwa mstari.

Hapo ndipo shetani wa ukweli alipompanda. Wametaka kinachofanyika? Basi watakipata.

Alichukua ankara ya fundi wa matairi, akaifuata siku kumi na mbili na daftari mkononi, kama askari anayemfuata mshukiwa. Aliandika kwamba ankara inapokelewa getini na mlinzi, ambaye huifunikia kikombe chake cha uji mpaka saa tano; faida, uji haupoi. Aliandika kwamba mhasibu wa kwanza huikagua hesabu, na mhasibu wa pili humkagua wa kwanza kwa kumuuliza, "Umekagua?" Aliandika kwamba Meneja wa Fedha huiweka kwenye trei siku nne, kisha huisaini bila kuisoma. Aliandika kwamba Mkurugenzi husaini Alhamisi tu, baada ya chakula cha mchana, simu ikiwa sikioni, hati ishirini kwa mkupuo; na kwamba ni vizuri kumgeuzia kurasa, kwa sababu akigeuza mwenyewe hukasirika. Hakutia chumvi hata punje. Mbele ya kila hatua alijaza safu ya faida kwa haki. Mlinzi alipata faida. Mhasibu wa kwanza alipata. Kwa Meneja, kalamu ilisita kidogo, kisha ikaandika: hakuna. Kwa Mkurugenzi hali kadhalika.

Alikuwa anafurahia, tuseme ukweli. Alikuwa anakwenda kazini mapema. Mpaka alipofika hatua ya hamsini na nne, ambayo ilikuwa yake.

Kila hati ya malipo ilikuwa na nakala tatu: nyeupe ya faili, ya njano ya benki, na ya pinki ya Mkaguzi wa Matawi, chumba namba sita, ghorofa ya pili. Kila siku saa tisa Bi Mhuri alipanda ngazi na pinki zake, akazipitisha chini ya mlango wa chumba namba sita, akashuka. Mkaguzi wa Matawi alikuwa ameacha kazi miaka kumi na sita iliyopita, na matawi yenyewe yalishafungwa. Bi Mhuri alilijua hilo. Alikuwa amemchangia mkaguzi zawadi ya kuagwa. Lakini hakuna aliyemwambia aache kupeleka, na kazi usiyoambiwa uache, kwa mafunzo aliyolelewa nayo, unaendelea.

Safu ya faida ilimtazama. Safari hii hakupitisha karatasi chini ya mlango, alibisha. Mlango ulifunguliwa na mfagizi, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo katikati ya mafagio na ngazi ya kupakia rangi.

"Kumbe ni wewe unayeniletea hizi!" alisema mfagizi kwa furaha ya kweli. "Nimekuwa nikijiuliza siku zote. Mungu akubariki, mama. Zinafuta vioo kuliko gazeti."

Bi Mhuri alishuka ngazi taratibu, ameshika ukuta. Alikaa mezani, akapiga hesabu ya ngazi zile, kupanda na kushuka kila siku, miaka kumi na sita, na magoti yake mabovu ambayo daktari alimwambia ni ya uzee. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Angeweza kuiacha. Hakuna ambaye angejua, mfagizi asingesoma. Lakini alikuwa ameshamwandika Meneja, ameshamwandika Mkurugenzi, ameshaandika mpaka uji wa mlinzi. Alipiga moyo konde. Hatua ya 54, mhusika: karani wa malipo. Muda: dakika kumi na tano. Faida: vioo vya ghorofa ya pili vinang'aa.

Hatua zilifika sitini na moja, kurasa kumi na tisa. Alizipeleka kwa Meneja siku tatu kabla ya kikao cha bodi. Kila ukurasa ulitakiwa kuwa na sahihi ya Meneja chini, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno aliyoyatunga yeye mwenyewe: Nimesoma yote na nimeridhika.

"Hatua ngapi, mama?" aliuliza Meneja, kalamu ikiwa tayari inakimbia.

"Sitini na moja, bosi. Ni vizuri uzisome."

"Sitini na moja! Hapo tumechimba kweli kweli." Alisaini ukurasa wa tatu, wa nne, wa tano, huku akimweleza habari za semina nyingine inayokuja. Bi Mhuri alimgeuzia kurasa. Saa ya ukutani ilihesabu dakika tatu na nusu. Mwishoni Meneja alibana mbele ya kabrasha barua aliyoiandaa siku nyingi: anapendekeza kwa bodi kwamba kila mhusika ambaye hatua zake zitaonekana hazina faida aondolewe bila kuchelewa. Akamtazama Bi Mhuri kwa huruma ya mtu aliyeshiba. Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Mkurugenzi naye akasaini, simu sikioni.

Kwenye bodi ile kulikuwa na mama mmoja mzee, mhasibu mstaafu, aliyekuwa na kasoro moja iliyowachosha wenzake wote: alikuwa anasoma. Siku ya kikao aliagiza karani wa malipo aitwe. Bi Mhuri aliingia, akasimama karibu na mlango, mkono mfukoni ukiwa umeshika mhuri.

"Hatua ya kumi na saba," alisoma yule mama, miwani kwenye ncha ya pua. "Mhusika: Meneja wa Fedha. Ankara inakaa kwenye trei yake siku nne. Anasaini bila kuisoma. Faida: hakuna." Akaweka karatasi chini. "Meneja, hii ni kweli?"

Jasho lilimtoka Meneja mpaka kwenye tai. "Hiyo ni fitina, mama! Fitina tupu! Huyu ana chuki na mimi!"

"Na sahihi iliyo chini ya ukurasa ni ya nani?"

"Ni yangu, lakini..."

"Ulisoma ukakubali, au ulisaini bila kusoma?"

Chumba kizima kilimwona Meneja akizitazama zile njia mbili, na hakuna mshale uliomwonyesha ya tatu. Aligeuka kwa Mkurugenzi, kwa macho ya mtu anayezama. Mkurugenzi alikuwa ameshafika hatua ya ishirini na mbili kimyakimya, ameshajikuta humo pamoja na simu yake na chakula chake cha mchana, na hakufika cheo kile kwa kuchelewa kuona mlango ulipo.

"Mimi nilisoma yote," alisema Mkurugenzi kwa sauti nzito. "Nilifurahishwa sana na ujasiri wa huyu mama. Hata yanayonihusu nilisema yaachwe kama yalivyo. Kiongozi lazima ajikosoe."

Wajumbe wengine wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama mzee alimtazama Mkurugenzi muda mrefu, akafungua ukurasa mwingine.

"Na wewe, bibie. Hatua ya hamsini na nne. Miaka mingapi?"

"Kumi na sita, mama."

"Na hukuuliza?"

"Sikuuliza, mama," alijibu Bi Mhuri. "Nilikuwa napeleka tu."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Bodi ilikubali pendekezo la Meneja kama lilivyo, kwa sahihi yake mwenyewe: mhusika asiye na faida aondolewe. Jumatatu Bwana Mishale alifunga virago, akapelekwa kusimamia ghala la matangi, mahali ambapo mishale pekee iliyopo ni ile inayoonyesha upande wa juu. Nakala ya pinki ilifutwa. Vioo vya ghorofa ya pili vikaanza kufifia. Na watu wakamtazama Bi Mhuri kwa macho mengine. Wahasibu walisimama akipita, mlinzi akaanza kunywa uji wake bila kifuniko.

Ijumaa Mkurugenzi alimwita. Alimvutia kiti mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Bila wewe tungekuwa wapi, mama?" alisema. "Miaka ishirini na mitatu! Nimesema hapana, huyu haendi popote. Mkataba wako mpya huu hapa. Saini twende kazini."

Alimpa kalamu yake mwenyewe, nzito, ya rangi ya dhahabu. Katibu muhtasi alisimama pembeni akimwonyesha kwa kidole mahali pa kusaini, na macho yake yalikuwa sakafuni, lakini Bi Mhuri hakuyaangalia macho. Machozi yalikuwa yamemjaa. Alikuwa anasikia maneno yale tu, haendi popote, haendi popote. Alisaini ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katibu muhtasi alimgeuzia kurasa. Alimshika Mkurugenzi mkono kwa mikono yote miwili, akatoka akipepesuka kwa furaha.

Jumamosi asubuhi, barazani, mdogo wake aliacha kushona, akafuta mikono kwenye kanga, akauchukua mkataba ili aufurahie naye. Alisoma kimya. Kisha akarudi nyuma, akasoma tena.

"Dada, hapa wameandika miezi sita."

"Miaka miwili. Ni miwili miwili siku zote."

"Miezi sita, dada. Kazi: kumfundisha mtu atakayechukua nafasi, kwa kufuata maandishi ya hatua sitini na moja. Mhuri ukabidhiwe siku ya kwanza. Na hapa chini: nimesoma, nimeelewa, sitadai zaidi." Alinyanyua uso. "Sahihi ni yako hii?"

Bi Mhuri alinyoosha mkono, akaupokea mkataba, akavaa miwani. Sahihi ilikuwa yake. Nzuri, iliyonyooka, kila ukurasa. Alifikiria kiinua mgongo, mwaka mmoja na nusu mbele ya mahali ambapo miezi sita ingemfikisha. Alifikiria Mkurugenzi, hatua ya ishirini na mbili, na jinsi alivyomvutia kiti. Mdogo wake alikuwa ameshaanza kumtukana Mkurugenzi na ukoo wake mzima, kwa utaratibu, mmoja baada ya mwingine, lakini Bi Mhuri hakumsikia. Aliinuka, akaenda kwenye mkoba wake, akatoa nakala yake ya maandishi, akafungua ukurasa wa kumi na tisa. Chini ya hatua ya mwisho palikuwa na nafasi.

Aliandika kwa mwandiko wake wa ofisini, bila haraka. Hatua ya 62. Mhusika: karani wa malipo. Anapewa kalamu nzuri na maneno matamu. Anasaini bila kusoma. Muda: nusu dakika. Kwenye safu ya faida alisimama.

"Andika hakuna," alisema mdogo wake, ambaye sasa alikuwa analia.

"Ipo," alijibu Bi Mhuri. Akaandika: ya Mkurugenzi.

Kisha alifunga kalamu, akavuta kigoda karibu na cherehani, akamwambia mdogo wake ausome ule mkataba tena, kutoka juu, polepole, na asiruke hata neno moja.